Jibu Lako la Swali la Tisa

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia mapema, maana siku ile ulinigomea. Nilikaa mbele yako na dodoso langu la utafiti, nikaingia moja kwa moja kwenye swali la kwanza, nawe ukafunga mdomo. "Kwa wenzangu ulianza na shikamoo. Mimi nina kosa gani?" Ikabidi nianze upya, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeshakuamkia! Ulivaa kanga mpya, ukataka uletewe kiti kama mgeni rasmi. Nilicheka sana. Leo nikikumbuka, hata sijui kama ulikuwa unatania.

Arobaini yako imepita. Dada Mwajuma amerudi kwake Kilosa mjini, nyumba ya Mvumi nimebaki nayo mimi. Wiki ijayo natetea tasnifu yangu chuoni, ile ya shahada ya uzamili. Watu wakikuuliza ulikuwa unawaambia, "Anasomea biashara za nchi na nchi," kisha unabadilisha mazungumzo haraka wasije wakauliza zaidi.

Mama, nimekwama kwenye swali la tisa. Nilikuuliza: mahindi yakizuiwa kuuzwa nje ya nchi, bei ikashuka, msimu unaofuata utapunguza shamba? Wote niliowahoji, kuanzia Mikumi mpaka Msowero, walisema watapunguza. Vitabu vyangu navyo vinasema hivyohivyo. Wewe ukasema, "Nitalima vilevile." Nikaandika, nikaenda swali la kumi.

Sikukuuliza kwa nini. Dodoso halikuwa na nafasi ya kwa nini, na mimi nilikuwa na haraka, wali unapoa. Naichukia haraka ile.

Msimamizi wangu anasema nikuondoe. Si mtu mbaya. Anasema mtu hamhoji mzazi wake, na tena jibu moja lililokwenda kinyume na yote litanitia matatani bure. Nikikuondoa, tasnifu inakaa sawa. Nikikuacha, wataniuliza sababu, nami sina. Ni mstari mmoja tu wa kufuta, mama. Juzi nilishaweka kidole kwenye kitufe, nikafunga kompyuta, nikaenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Nilimuuliza dada kwa nini ulijibu vile. Akasema, "Mama alitaka umalize uje ule, basi." Huenda. Muda si muda akageuka, akasema hapana, mama hakupenda kupangiwa na mtu. Halafu akaanza kulia, na mimi sikujua nilie kwa lipi kati ya hayo mawili.

Jana nikapanda kigoda kuangalia kichanja cha juu ya mafiga. Mahindi ya mbegu yapo, umeyafunga kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Bei ilianguka kweli baada ya mavuno, wewe mwenyewe ulilalamika mpaka majirani wakachoka. Na bado umefunga mafungu yaleyale ya kila mwaka! Nimeyahesabu mara mbili. Kwa hiyo hukunijibu ilimradi tu. Lakini sababu hukuiacha kichanjani, na mimi nimebaki nimesimama juu ya kigoda na moshi machoni, msomi mzima, sielewi kitu.

Ulijua jambo ambalo vitabu havijui? Au ulizoea tu? Au ulikuwa unanifikiria mimi? Nikishika moja, jingine linaponyoka. Wakati mwingine nakukasirikia, kisha naona aibu kumkasirikia mtu aliyeko kaburini.

Sikufuti, mama. Hilo nimeamua, na msimamizi nimeshamwambia. Nitasimama mbele yao niseme yupo mkulima mmoja aliyesema atalima vilevile, akaweka na mbegu, na kwamba sikumuuliza kwa nini na sasa siwezi tena kumuuliza. Wakinirudisha nikaandike upya, nitaandika, lakini wewe utakuwemo.

Leo mvua imeanza. Dada amepiga simu, anauliza nikitoka chuoni nitalima kiasi gani, maana mimi ndiye ninayejua habari za bei. Nikafungua mdomo nimpigie hesabu, nikajisikia nasema, "Vilevile."

Akauliza kwa nini. Nikapanda tena kigoda, mama, simu ikiwa sikioni, nikaanza kuyahesabu mafungu upya.

Pumzika. Mbegu yako nitaishusha kwa mikono yangu.

Mwanao,
Zaina