Mume wa Kwenye Tamthilia

4 Februari

Binti yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na kile kifua kimetulia. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama yako anasumbuliwa na magoti, mimi nasumbuliwa na watu.

Ile sehemu ya tamthilia yenu yenye harusi imeonyeshwa. Mtaa mzima umeitazama, hata wale wanaosema hawana runinga. Wamekuona na shela, wamemwona Kamanda, huyo mwigizaji mwenzako mwenye kujisikia, na wameniona mimi. Unakumbuka nilivyokuja kukusalimia kazini, mzee wa kuigiza baba hakutokea, mwongozaji akanibembeleza nishike nafasi yake. Nilikubali kwa sababu ulipiga makofi kama mtoto. Nikampa Kamanda mkono, nikasema maneno ya kuozesha kama ninavyoyasema msikitini siku zote. Mazoea yana taabu, mwanangu. Badala ya jina la kwenye mchezo nikataja jina lako.

Sasa Shehe wa Redio ametoa fatwa. Anasema ndoa haina mzaha: baba ni baba kweli, jina ni la kweli, mashahidi walikuwapo, na mwanamume alikubali. Kwa hiyo wewe ni mke wa Kamanda, na mke wa mtu haposwi. Mama wa mchumba wako mfamasia amekuja hapa, chai hakugusa. Anataka jambo lisafishwe kabla mwanawe hajakuoa.

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Baba yako

11 Februari

Baba yangu,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Kifua kimepona, sasa ni kichwa. Mwambie mama aache kupanda ngazi za kuanikia nguo.

Nilicheka mpaka nikafika pale pa mama mkwe. Baba, tuliirudia harusi ile mara kadhaa kwa sababu taa zilikuwa zikizima. Kama kila mara ni ndoa, basi Kamanda amenioa mpaka kachoka! Mke wake wa kweli amemnunia, hampikii. Wakubwa wa kipindi wao wanashangilia, maana watazamaji wameongezeka.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe ni imamu. Simama Ijumaa uwaambie watu kwamba tulikuwa tunaigiza, hakuna aliyekusudia kuoa wala kuozesha. Vitabu unavijua kuliko huyo wa redio. Mfamasia ananipigia simu kwa sauti ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nampenda, na nataka anioe kama nilivyo, si kama mtalaka wa mtu. Msinitafutie talaka. Nikikubali kuachwa, nimekiri kwamba niliolewa.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nisamehe kwa kuchelewa. Afya ipo, usingizi ndio haupo.

Mgombea wetu wa ubunge ameipata hadithi yako. Kila mkutano anauliza jukwaani, "Mnataka kuongozwa na watu wanaochezea dini?" Mimi sigombei chochote! Mpinzani wake naye amekuja nyumbani, anataka nikae jukwaani kwake niitwe mzee aliyeonewa. Wote wawili mwaka huu ndio wamejua safu ya mbele ya msikiti iko wapi. Watoto wa madrasa wamepungua, na kamati ya msikiti inanisalimia kwa kichwa tu.

Ijumaa nilipanda mimbari na maneno yako nimeyashika vizuri. Nikaziangalia nyuso zile. Nusu yao nimewaozesha mimi. Imamu akisema alikuwa anaigiza kwa maneno yale yale, si wataniuliza, na ndoa zao je? Nikahutubia usafi wa mitaro. Nivumilie kidogo.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Assalaam alaykum. Hali yako siulizi. Nimeisikia sauti yako redioni, naona uko mzima.

Nilikuwa napakwa poda. Mgombea akaanza kwa dua, akamkaribisha Kamanda, Kamanda akatamka kwamba ameniacha, kisha wewe ukasema, "Alhamdulillah, tumeridhika." Tumeridhika, wewe na nani, baba? Dada anayetupaka poda alishusha mkono, akaniambia pole. Nilipokea pole ya kuachwa na mtu ambaye sijawahi hata kunywa naye soda.

Kamanda anasema aliambiwa kwamba mimi najua. Mfamasia amepiga simu kwa furaha: njia nyeupe, mama ameridhika, tupange siku. Hakuniuliza naendeleaje. Umeniozesha bila kuniuliza, ukaniachisha bila kuniuliza. Mimi nimeumia, na sitaki kuambiwa kwamba ni kwa faida yangu.

Mwanao

28 Machi

Binti yangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama, na kama una hasira, basi hasira yenye afya.

Mgombea alikuja na gari, akasema ni maneno ya dakika moja na kelele zitakwisha. Nilikuwa nimechoka nikaingia. Kelele hazijakwisha, ila sasa picha yangu iko kwenye bango lake la kampeni ukutani, tumeshikana mikono. Nimeuona huo ukuta leo nikitoka sokoni na nimejionea aibu.

Watu wa mfamasia wanataka siku ya harusi. Nikataka kuwajibu, kalamu ikanigomea. Kuna swali ambalo baba huanza nalo, na mimi sikuanza nalo. Je, unamtaka huyu mwanamume?

Vitabu vinasema mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa. Wasichana wengi nimewaozesha kwa kimya. Chako sitakitumia hivyo. Nijibu hata kwa neno moja. Usiponijibu, nitahesabu umekataa.

Baba yako

25 Aprili

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Uchaguzi umepita, Mgombea ameshinda, na safu ya mbele imepata nafasi tena.

Barua yako haikuja. Kila siku nimeulizia posta mpaka karani akawa ananipungia mkono kutoka dirishani. Jana nikaenda kwa mama yake mfamasia, nikamwambia harusi haipo. Akaniuliza binti amesema nini. Nikamwambia hajasema kitu.

Akaniambia, "Shehe, si ulinifundisha mwenyewe kwamba kimya ni ridhaa? Hata mimi uliniozesha hivyo."

Nikamuuliza kama siku ile alikuwa anataka. Akanifungulia mlango, akasema nisije tena nyumbani kwake. Kamati imeshasikia. Ijumaa ijayo ataswalisha mtu mwingine, nami nitaswali nyuma, karibu na viatu.

Mama yako anauliza kama unakula. Hilo ujibu, mama. Ukinyamaza na hilo, nitapanda basi nije kuangalia mwenyewe.

Baba yako