Sauti ya Mlinzi wa Tangi

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini barua hii imekukuta kwenye kiti chako cha dirishani, goti limetulia na chai haijapoa. Mama hajambo? Shangazi amepona jino, au bado anamlaumu daktari? Mimi huku ni mzima, ila uchovu wa kazi tu, na uchovu wa kazi si ugonjwa, kama ulivyokuwa ukituambia tulipojidai tunaumwa ili tusiende shule.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu zipo. Baba, nikipiga simu anapokea mama. Namuuliza habari zako, ananiambia upo hapo hapo, nawe unasimama mlangoni kusikiliza bila kutia neno. Nakusikia hata unavyopumua. Tangu ulipopasuliwa koo mambo yamekuwa hivyo, na mimi nimevumilia. Leo nina jambo ambalo sitaki lipitie kwa mama, kwa hiyo tafadhali vaa miwani uisome barua hii mwenyewe.

Nianze na habari njema. Ile nafasi niliyokuwa nikiiwinda ya kutia sauti kwenye gemu ya kompyuta nimeipata. Mimi ndiye mhusika mkuu, fundi wa mabomba anayeshuka chini ya mji uliokaukiwa maji. Mara ya kwanza walinikataa, wakasema sauti yangu ni nzito mno kwa mwanamke. Nikarudi tena bila kuitwa, nikawaambia fundi anayebeba bomba begani haongei kama mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Mwongozaji wetu, ambaye sote tunamwita Mama Rudia kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni, aliniamuru niingie ndani nisome.

Uliuliza, kupitia kwa mama kama kawaida, hii ni kazi gani ya kupiga kelele kabatini. Kweli chumba chenyewe ni kidogo, kuta zote zimewambwa sponji, na ndani kuna maikrofoni, karatasi na mimi. Saa na bangili naziacha nje kwa kuwa zinalia. Lazima nile kabla ya kuingia, maana maikrofoni inasikia tumbo kuliko inavyosikia maneno. Kwa miaka nimetia sauti kwenye tamthilia za watu wengine: nimekuwa nesi, mke wa pili, umati wa watu sokoni, na mtoto aliyeibiwa. Kwenye gemu kazi yangu ilikuwa kufa. Mtu anaandikiwa orodha ya vifo: kuanguka kutoka juu kidogo, kuanguka kutoka juu sana, kuzama, kuungua. Siku moja nilikuwa nafanya mazoezi ya kuungua chumbani kwangu, jirani akaja mbio na mwiko mkononi kuniokoa. Nilimweleza, akaondoka akitikisa kichwa, na hadi leo akikutana nami ngazini hupisha njia.

Usicheke sana, maana haya yote nimeyatoa kwako. Nilikuwa nakaa chini ya meza ya mnada wewe ukinadi, watu wakikuita Kipaza kwa nguvu ya sauti yako, nikakusikia ukiuza kabati lisilo na mlango. Uliwaambia watu hili ni kabati la mtu asiye na siri, na mama mmoja akalipigania hadi akalichukua. Hukupaza sauti hapo, uliishusha. Ninapoingia kwenye kile chumba cha sponji nikiwa sina vazi, sina uso, sina mwenzangu wa kumtazama, nakumbuka kabati lile na kazi inakwenda.

Sasa tatizo. Fundi wangu hayuko peke yake. Kuna mzee, mlinzi wa tangi la mwisho la maji, anayezungumza naye kwa redio tangu mwanzo hadi mwisho. Hawaonani. Mzee anamgombeza fundi kila anapokosea njia, hapigi kelele hata mara moja, na sauti yake imekwaruzika kwa sababu ya vumbi la miaka mingi. Karibu maneno yangu yote ni ya kumjibu yeye. Basi kumtafuta mzee huyo kumetutoa jasho. Wamekuja waigizaji wakubwa, watu ninaowaheshimu. Mmoja alikwaruza koo hadi akakohoa machozi. Mwingine alisikika kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki akaona haya kusema. Mama Rudia alisema rudia, rudia, mwisho akaacha hata kusema. Akatutangazia kwamba kama mzee hapatikani, maneno yake yatageuzwa maandishi ya kusomwa kwenye skrini. Nilielewa maana yake. Sauti ya mzee ikiondoka, nusu ya kazi yangu inaondoka nayo, nami nabaki mtu anayejijibu mwenyewe gizani. Sikuhangaika miaka yote hii nije kukwamia hapo.

Hapa ndipo ninapoomba ushike kiti vizuri.

Unakumbuka nilipoondoka nyumbani na ufunguo wa mlango mfukoni, mama akarudi kutoka sokoni akakuta kumefungwa, nawe uko kwa kinyozi? Ulighadhibika hadi ukasahau aibu yako. Ukachukua simu ya mama ukanirekodia ujumbe, wa kwanza na wa mwisho tangu upasuaji. Ukasema ufunguo si mkufu wa kutembezwa mjini. Ukasema mboga zinanyauka mlangoni na aliyenizaa amesimama juani. Kisha ukanyamaza kidogo, ukaniuliza kama nimekula.

Ujumbe huo sijaufuta. Na juzi, Mama Rudia alipokuwa anakusanya karatasi zake aende, niliutia kwenye spika za studio. Sikukuomba ruhusa, baba. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikuomba.

Walicheka kwenye mkufu. Kwenye mboga fundi mitambo, ambaye siku zote yuko na macho yake kwenye vitufe, aliinua kichwa. Ulipouliza kama nimekula, Mama Rudia alikaa tena kwenye kiti. Akataka asikie mahali pale tu, pale unaponyamaza kabla ya kuuliza. Hakutaka kujua umesomea wapi uigizaji. Alitaka kujua unaweza kuja lini, nami nikamwambia Jumatatu.

Najua unachofikiria. Nilikuwepo siku uliporudi mnadani baada ya kupona, yule mnunuzi akasema Kipaza kimeingia maji, watu wakacheka. Uliweka kengele mezani taratibu ukaenda nyumbani, na jina la Kipaza likaishia hapo. Mimi nililia njia nzima nyuma yako na hukugeuka. Baba, niliumia na bado naumia. Lakini hawa hawakuitafuta sauti yako ya zamani. Wameitafuta hii ya sasa kwa watu wazima wenye majina makubwa, wakaikosa. Daktari alikwambia mbele yangu kwamba kuongea hakukudhuru, na mlinzi wa tangi hapigi kelele. Ujumbe wenyewe niliusimamia: haukunakiliwa, na simu ninayo mimi. Mtu hataitumia sauti yako wewe usipokuja kuitoa mwenyewe.

Na tukiwa humo kila mmoja atakuwa na chumba chake, kioo katikati. Utanigombeza upendavyo, nami nitakujibu kama fundi. Nimeisubiri sauti yako kwenye simu muda mrefu mno, nami nimechoka kuambiwa na mama kwamba umenisalimu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Unaweza kukataa, ni haki yako, nami nitawaambia wenzangu kwamba nilikosea kuahidi kisicho changu. Ila usimtume mama. Chukua simu, nipigie, uniambie hapana wewe mwenyewe. Nikiisikia kwa sauti yako nitaikubali.

Usipopiga, nitakuja Jumamosi asubuhi. Usijisumbue kutofungua mlango, ufunguo bado ninao.

Msalimie sana mama, mwambie mboga zile sijazisahau. Msalimie shangazi na jino lake. Jirani wa huku naye anawasalimu, kwa mbali.

Ndimi mwanao mwenye sauti nzito, niliyeirithi kwako.

Nimekula.