Mashine ya Kumchapia Mama Sura Zetu

Goba, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mdogo wangu Festo ameniambia baridi ya Njombe imekushika kifua tena. Dawa unakunywa, au umeziweka juu ya kabati? Simu huisikii vizuri siku hizi, na haya si maneno ya kupigiana kelele. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe Festo akusomee.

Mama anakula na kulala, ila kusahau kumezidi. Juzi nilimkuta jikoni kwa jirani anamenya viazi, anawaambia wenyewe kwamba hapo ni kwake. Sasa geti nalifunga kwa kufuli. Inaniuma kumfungia mama yangu, lakini miteremko ya huku ni mikali na macho yake yamepungua nguvu.

Daktari alinishauri nimwekee picha zenu ukutani, asiwasahau. Nikawa nazichapisha kwenye kibanda kimoja Buguruni. Tatizo, mama anazibandua na kuzipapasa, na wino unatoka kwa jasho la vidole. Baada ya siku chache pua na macho vimefutika, amekaa ameshika karatasi isiyo na mtu. Kwenda Buguruni kila mara huku nimemfungia ndani kulinishinda, nikaamua kununua printa ya nyumbani.

Dukani nilishika ile ya bei ya chini. Muuzaji akaniuliza, "Sista, utakuwa unaprinti mara moja moja au kila wiki?"

"Kila wiki."

"Basi hiyo iache. Katriji zake ndogo, wino ndio utakaokumaliza. Chukua hii ya matangi, unajaza kwa chupa. Ila usiiache ikae bila kazi, wino unakaukia kwenye matundu."

Nikachukua hiyo, na inatoa kopi pia. Akanipa na plastiki ya kubandika juu ya picha ili vidole visifike kwenye wino.

Kisha mama akaugua kichomi, tukalazwa. Tuliporudi, vumbi la barabara limejaa juu ya printa, na bluu na nyekundu hazitoki. Picha ya Festo ikatoka njano tupu. Mama akaishika, akasema, "Mtoto huyu ana manjano. Mbona hamumpeleki hospitali?" Alilia mchana kutwa, nikashindwa kumbembeleza. Nikaiamuru mashine ijisafishe, nikaipumzisha, nikarudia, wino mwingi ukaenda bure mpaka rangi zikarudi. Siku hizi kila Jumapili nikitoka kanisani naprinti picha moja ya rangi zote, halafu naifunika printa kwa kanga. Karatasi nazifunga kwenye mfuko zisipate unyevu.

Baba, ulimtuma Festo aniulize kama mama anakutaja. Nimekuwa nakwepa kujibu. Anakutaja kila siku. Kwenye mkoba wake nilikuta picha yenu ya harusi, nikaitoa kopi kubwa, nikaibandika. Akasema, "Huyu mume wangu. Yuko shamba, atarudi jioni." Pembeni niliweka ile aliyokupiga Festo mwaka huu, umekaa mlangoni.

"Na huyu mzee?" nikamuuliza.

"Baba mkwe huyo. Mtu mpole sana." Akavuta kitenge chake vizuri, akapiga goti mbele ya ukuta. "Shikamoo, baba."

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Anafanya hivyo kila asubuhi. Mara moja nilimweleza kwamba huyo ndiye mumewe. Aliona aibu, akajifunika uso, na siku hiyo hakula. Sijarudia tena. Daktari anasema tusitegemee kumbukumbu zake kurudi.

Msalimie shangazi anayekupikia, mwambie ulezi aliotuma ulifika na mama anaunywa uji wake. Msalimie mchungaji na majirani wanaomuulizia mama. Festo aache kutuma picha za giza, mashine haiwezi kuweka mwanga usiokuwepo.

Njoo, baba. Usingoje mavuno. Nauli tutasaidiana mimi na Festo. Lakini nina ombi, na najua ni gumu. Ukiingia hapa, mama atapiga goti akuamkie. Usimrekebishe, wala usilie mbele yake. Mwitikie marahaba, kisha ukae naye karibu.

Mimi binti yako,
Tumaini