Nani Anamdai Marehemu

Fittja, Stockholm
Jumapili, 9 Novemba 2025

Baba Zaituni, mume wangu,

Madirisha ya jengo la mbele yanazimika moja moja. Juzi amehama yule mama wa Kikongo aliyekuwa akikuita "Papa" hata kabla hujaota mvi. Ameenda kwa mwanawe, na mapazia yake ameyaacha yakining'inia. Mwenye majengo anataka kubadilisha mabomba yote, kisha apandishe kodi kiasi ambacho mjane hawezi kulipa. Mlangoni kwetu mafundi wameshachora alama nyekundu. Nimeisugua kwa sabuni, haitoki. Watu wakipungua, nyumba inaanza kusema. Maji yakipita ukutani, nasikia kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutoa habari mbaya.

Nakumbuka zile senti benki ilizokuwa ikikuongezea kila mwaka. Ulizitoa zote, ukanunua fagio na balbu za chumba cha kufulia cha jengo. "Riba haiingii tumboni mwa mwanangu," ulikuwa ukisema. Majirani wakadhani wewe ndiye mtunza jengo, wakawa wanatugongea choo kikiziba. Nawe, mtoto wa kwetu Buyenzi usiyejua kumnyima mtu, ukaenda na ndoo yako. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nakumbuka na zile Jumamosi za mtaa wa Spånga, tukitembea kutazama nyumba za watu. Ulisimama kwenye uzio wa moja yenye mtufaa, ukasema, "Mama Zaituni, hapa ningepanda mboga zetu za lengalenga." Nikakujibu, "Basi tukope kama wenzetu." Wenzetu walikuwa wameshauliza masheikh. Wapo walioambiwa ni dharura, wanunue tu, na wapo walioambiwa wauogope moto. Wewe hukubishana na yeyote. Ulisema, "Mimi naogopa," tukapanda treni tukarudi.

Sasa Zaituni ametupatia sisi wawili fleti ya kununua Hässelby. Benki itamkopesha, lakini mshahara wake peke yake hautoshi. Wanataka na jina langu kando ya lake.

"Mama, ni ränta tu," aliniambia. Kwa Kiswidi neno hilo halimtishi mtu, linasikika kama bei ya maziwa.

"Baba yako aliita riba."

"Baba aliita hivyo akiwa na pa kulala!" Kisha akalia, akanishika miguu akaniomba radhi.

Nikamsimulia siku tuliyokuswalia, maana siku ile alikuwa amelia mpaka hakusikia kitu. Sheikh aliwageukia watu akauliza, kama ilivyo desturi yetu, "Kuna yeyote anayemdai marehemu?" Sisi wanawake tulikuwa nyuma. Nilisikia mtu akikohoa, nikadhani anataka kudai. Hakusema neno. Hakuna aliyekudai. Ukimya ule ndio urithi ulioniachia, na nimekaa ndani yake kama mtu anavyokaa kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Na mimi wataniulizia hivyo hivyo," nikamwambia. "Nitazikwa kabla mkopo huu haujalipwa."

Akafuta macho, akacheka kidogo. "Si nitasimama mimi, Mama? Nitasema deni liko kwangu. Usijali."

Alisema kwa wepesi uleule anaosema nao kuwa ataweka chai motoni. Baba Zaituni, ndivyo warithi wanavyosema mbele ya jeneza, na ukishalisema neno hilo, deni limekuwa lako. Mwanetu amelisema nikiwa hai, nimekaa mbele yake, na hajui amebeba nini.

Hapa watu hawasaini kwa kalamu. Ni namba ya siri kwenye simu. Ijumaa baada ya magharibi, ambayo huku mwezi huu inaingia kabla ya saa kumi jioni, alinishikia simu nikabonyeza. Nilitarajia mkono utaniuma. Haukufanya lolote, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Zaituni akanibusu kichwani, akampigia rafiki yake simu kwa furaha. Mimi nilikwenda kutia udhu tena, ingawa nilikuwa nao.

Tangu siku ile nikikuombea dua siimalizi. Nikifika kwenye jina lako ulimi unasimama, kana kwamba wewe umeshasikia na unaningoja nijieleze. Mwanao alikuwa anatafuta paa, nami sikuweza kumwacha nje na baridi hii inayokuja. Kama ni dhambi, nimeiona ikija nikaifungulia mlango. Ninachoogopa si hukumu yangu. Naogopa siku atakayosimama mbele ya watu, peke yake, aseme "liko kwangu," na safari hii ajue maana yake.

Tunahama mwezi ujao. Amenipa chumba chenye dirisha kubwa, ameshapima hata pa kutandika mswala wangu. Bado sijathubutu kumwambia kuwa naogopa kulala humo.

Wewe umelala bila kudaiwa. Usinionee aibu huko uliko. Unikumbuke tu.

Mkeo,
Mama Zaituni