Nne Yenye Mguu Mfupi

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imeacha tope hadi mlangoni. Nimerudi nyumbani, nimenawa mikono mara nne kwa sabuni ya kufulia, na harufu ya maji ya betri bado imo kwenye kucha.

Niandike tu.

Leo kulikuwa na mnada wa bunduki za kale katika ukumbi wa hoteli moja hapa Kampala. Bunduki sita za jeshi la Mwingereza, zote zimezibwa mitutu kwa kibali cha polisi, za kutundika ukutani. Kazi yangu ni kuzikagua na kutia sahihi cheti kwamba kila moja ni kweli ile inayotangazwa. Kazi hii hakuna aliyenipa mkononi. Baba alikuwa fundi wa silaha kambini. Serikali ilipobadilika mwaka wa '86 alirudi nyumbani na kisanduku cha vifaa, mshahara hakuna, na mimi nikala kwa vifaa hivyo. Nilianza na mizani za wauza nyama wa Nateete, nikaja kwenye cherehani, nikaja kwenye bunduki za watu wanaokusanya vitu vya vita. Cheti cha chuo sina hata kimoja. Nina macho, na namba nikishaiona haitoki kichwani.

Tano hazikunisumbua. Nilitia sahihi.

Ya sita ndiyo iliyojaza viti. Mbele kabisa alikaa Mzee Okot, mwalimu mstaafu kutoka Gulu, na mapajani ameshika kitabu cha jeshi cha marehemu baba yake aliyepigana Burma. Ndani imeandikwa namba ya bunduki aliyokabidhiwa: 34748. Miezi minane iliyopita mzee alimpa dalali namba hiyo amtafutie. Dalali ni Mkenya anayeitwa Kariuki, mtu wa viatu vya kung'aa hata siku ya tope. Akatafuta, akapata. Mzee akauza ng'ombe wawili aje kuinunua.

Katika bunduki zote walizobeba askari wale wa Burma, akapata hiyohiyo.

Nilianza kuichukia kabla sijaishika. Kutu ya kweli hainuki. Hii ilinuka maji ya betri, yale yanayozeesha chuma kwa usiku mmoja, kama meza ya fundi wa magari.

Halafu namba. Bunduki iliyotumika jeshini haibaki na namba moja. Bolti, kile chuma cha kuvuta nyuma kabla ya kufyatua, ikiharibika, fundi anachukua ya bunduki nyingine, anaikata namba ya zamani kwa mstari, anagonga mpya pembeni. Zile tano zote zina namba zilizokatwa. Moja ilikatwa mara tatu. Hii ya sita ilikuwa safi kama sare ya shule siku ya kufungua: 34748 kwenye bolti, 34748 kwenye mwili, 34748 karibu na mdomo wa mtutu. Aliyeitengeneza alidhani kulingana kwa namba ndio ukweli. Hajawahi kukaa kwenye karakana ya jeshi hata siku moja.

Sajini aliyeletwa kulinda zile silaha alichoka kunitazama. "Mama, kitabu iko na namba hii, bunduki iko na namba hii. Sasa wewe nataka nini tena?"

Nilitaka kioo cha kukuzia. Ningeacha kukitaka, sasa hivi ningekuwa nimelala.

Nne imo mara mbili katika namba ile, na namba imegongwa mahali patatu. Jumla yake sita. Zote sita miguu yake imekatika kidogo upande wa chini, mahali palepale.

Mguu ule niliukata mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, baba ametoka, nikachukua vyuma vyake vya kugongea namba, kila tarakimu na chuma chake, na nyundo, nikaigonga nne juu ya tindo ngumu. Ikameguka. Baba alinitandika, lakini hakuitupa. Kwa hiyo bunduki inayosemwa kwamba ilipigwa namba kabla baba yangu hajazaliwa ina kosa langu la utotoni.

Vyuma vile niliviuza mwaka juzi. Aliyenunua anaitwa Hamza, ana gereji Kisenyi. Sikumuuliza ni vya nini. Mtu wa gereji anayetaka vyuma vya kugongea namba, na mimi, mtoto wa fundi wa silaha, sikuuliza.

Nilimvuta Kariuki pembeni nikamwambia ni ya kughushi, nikamweleza na ile nne. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonichefua kuliko ile kutu.

"Mama, mzee mwenyewe amefurahi," akasema taratibu, mkono begani kwangu. "Wewe andika tu 'yaelekea ni halisi'. 'Yaelekea' haimfungi mtu. Na hiyo nne yako ukiitaja, nani atakuwa wa kwanza kuulizwa?"

Hapo alipiga hesabu sawasawa. Nikisema ni bandia tu, ataleta mtu mwingine wa kutia sahihi. Uthibitisho usiopingika ni ile nne, na ile nne ni mimi.

Nilisimama na kalamu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwisho niliandika kwenye cheti: bandia, imegongwa kwa vyuma vilivyokuwa vyangu. Nikampa sajini nakala. Kisha nikaenda kwa Mzee Okot nikachuchumaa mbele ya kiti chake, nikamweleza yote, nikamwonyesha kwa kioo.

Alinirudishia kioo. Nilitegemea matusi, hata shukrani kidogo.

"Ungenyamaza, binti," akasema. "Nina miaka sabini na tisa. Kutojua kungenitosha."

Akafunga kitabu cha baba yake, akauliza choo kiko wapi.

Kariuki alitangaza kwamba bunduki ya sita imeondolewa "kwa sababu za kiufundi". Watu wakapiga makofi ya tano ilipouzwa. Walipiga makofi kweli.

Najichukia kidogo, wale akina Kariuki nawachukia sana, na sipati faraja yoyote kwenye hiyo tofauti.

Jumatatu saa tatu asubuhi natakiwa kituoni kuandika maelezo. Nitataja Hamza. Nitataja Kariuki. Halafu wataniuliza kwa nini niliuza vyuma vile bila kuuliza vinakwenda kufanya nini, na nitajibu kwamba nilikuwa na shida, jambo ambalo ni kweli.

Lakini hapa naandika mwenyewe, sajini hayupo. Kama ningemuuliza Hamza siku ile, na yeye akanijibu ukweli, ningekataa?

Nadhani ningepandisha bei.