Ile Ncoolo Mliyonituma

Nairobi, 28 Septemba

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama, na natumaini kifua chako kimeachana na ile baridi ya Julai. Sisi huku tu wazima. Kiende na watoto wetu wanawasalimu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatia kabla sijamaliza, na ungekuwa na haki.

Mama alinieleza kwamba siku hizi anauza kabichi sokoni Gakoromone, na kwamba ndugu yangu Mutembei amefunga kibanda chake cha miraa pale Kangeta. Alisema wewe huna wasiwasi. Kila anayekuuliza unamjibu kuwa ndege za miraa zitaruka tena, maana Rais alipokea ncoolo, lile furushi la miraa la wazee, na hakuirudisha. Baba, maneno hayo yamenichoma.

Acha nikwambie ndege zilisimama vipi, maana barua za nchi za nje hupitia mezani kwetu. Jirani zetu wanaonunua miraa yetu ni marafiki wa nchi hii miaka mingi. Askari wetu wamekufa kwao wakiwalinda. Lakini Rais wetu hampendi rais wao. Anayempenda ni gavana wa mpakani kule, anayemwasi rais huyo, kwa kuwa walilala bweni moja shuleni. Mwezi wa pili akamwalika huku, akampokea kwa gwaride. Wakubwa wetu wakamwonya kwamba jirani atakasirika. Akawajibu kuwa hawezi kumficha rafiki yake kama mwizi. Wiki iliyofuata jirani akafunga anga kwa miraa yetu. Urafiki wa watu wawili, na kwetu Igembe nzima inakaza mkanda! Nina hasira, Baba. Na siku ya gwaride nilisimama dirishani nikapiga makofi kama mjinga.

Ndipo wewe na wazee mkafunga ile ncoolo, miraa teule ndani ya majani ya mgomba, kama ya kwenda kuomba mke, mkanituma nimpelekee Rais ombi la kupatana na jirani. Kwetu anayeipokea amekubali ombi, asiyetaka huirudisha. Nilizunguka nayo siku mbili. Msaidizi wake alinicheka, akasema Rais hapokei majani na habari ya yule jirani hataki kuisikia.

Sikuirudisha. Niliona aibu wazee wajue kwamba mtoto wao wa ofisi kubwa hana mlango hata mmoja wa kubisha. Nikakupigia simu nikasema imepokelewa. Ile miraa niliitafuna mimi na dereva wa ofisi, nyuma ya gereji. Nawe kwa neno langu ukang'oa mahindi ya shamba la chini, ukapanda miche ya miraa. Miezi saba namtukana Rais, na njaa ya nyumba yetu nimeiongeza mimi.

Mila unaijua: aliyekula ncoolo ndiye mwenye kujibu. Basi wasomee wazee jibu langu: hapana. Ndege haziji. Jumamosi nitafika na kondoo dume wa kuomba msamaha nikae mbele yao, kisha ning'oe ile miche tupande mahindi kabla ya mvua ya Oktoba. Nikikuta umefunga lango nitaelewa, ila jembe niachie nje.

Mfikishie Mama salamu, na Mutembei pia.

Mwanao aliyekudanganya,
Mwirigi