Ismay Yearwood na Glavu Zake Nyeupe

Mwaka umetimia, Ismay, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Jumamosi, na nyumba yetu ya Speightstown bado haijazoea kimya chako. Dada yako Clarine angali anapika samaki wa kuruka na sima ya bamia, kisha anakodolea mlango macho, kana kwamba utaingia useme chumvi imezidi.

Ulikuwa fundi cherehani mwenye utaratibu wako. Gauni la mjane ulilishona kwanza, la bibi harusi likasubiri.

Lakini Jumapili baada ya ibada ulikuwa wa sarafu zako. Kumi na moja za fedha, za kisiwa chetu hiki, zilizopigwa chapa ili zitunzwe, si za kwenda dukani. Uso wake kioo kitupu, na katikati mungu wa bahari na mkuki wake, mweupe kama aliyenyunyiziwa unga. Ulivaa glavu, ukazishika sarafu ukingoni, ukabana hata pumzi. Mimi, mumeo wa miaka arobaini, sikuruhusiwa kugusa.

"Rawle, kaa huko! Vidole vyako vina mafuta ya samaki."

"Nimenawa, bibie."

"Ulinawa Krismasi."

Nami nikalipiza kwa uongo. Niliwaambia wacheza domino kwamba siku ya kimbunga uliweka sarafu moja dirishani, meli ya ndizi ikadhani ni mnara wa taa, ikaja kutia nanga kwenye viazi vyetu. Ulipopata habari ukasema, "Mwongo we! Meli nzima, na hata ndizi moja hukuniletea?"

Ulipolazwa hospitali, nilitaka ukirudi ukute jambo. Sarafu zilikuwa zimeanza kufanya wingu la rangi ya chai. Nikatafuta magadi soda, ndimu na fulana kuukuu, nikasugua mchana kutwa, zote kumi na moja, mpaka mkono ukafa ganzi. Zikawaka kama vijiko vya harusi.

Uliporudi nilikuvuta mezani kabla hujavua kofia. Ukavaa glavu, ukafungua kisanduku, ukatazama. Ukatazama sana. Kisha ukavua glavu zile, kidole kimoja kimoja. Ukachukua sarafu kwa mkono mtupu, ukaniwekea kiganjani, ukanifumba vidole.

"Zinang'aa, Rawle."

"Si nilikwambia mimi fundi?"

"Fundi kweli. Haya, shika. Sasa shika tu."

Nikadhani ugonjwa umekulegeza. Nilijisifu kwenye domino wiki nzima. Siku ya kumi na mbili ukaenda zako.

Miezi mitatu baada ya mazishi alikuja Bwana Gittens, mkusanya sarafu mwenzako. Akainua sarafu kwenye mwanga.

"Nani kazisugua hizi?"

"Mimi."

Akaketi. Akanieleza kwamba lile wingu halikuwa na madhara. Ule weupe wa unga ndio uliokuwa uhai wa sarafu, na ukishafutwa haurudi.

"Ismay aliziona?"

"Aliziona."

"Akasemaje?"

Nikatazama kiganja changu, pale ulipoiweka sarafu ukanifumba vidole.

Nimetunga uongo mwingi kisiwani hapa, mke wangu. Wewe ulitunga mmoja tu, maneno mawili, "Fundi kweli," nao ukaushinda wangu wote. Nilikuwa na siku kumi na mbili za kukuomba radhi, nikazimalizia kwenye kujisifu. Naomba sasa, mbele ya watu. Nisamehe, Ismay.

Wanakukumbuka mumeo Rawle, binti yako Marva, dada yako Clarine, Bwana Gittens, na wanawake wote uliowafundisha kutia uzi kwenye sindano.

Glavu zako ziko juu ya kisanduku. Sarafu ile uliyonishikisha ninayo mfukoni. Jumapili baada ya ibada naitoa, naishika ukingoni, nabana pumzi, ingawa haina haja tena.

Hutatutoka moyoni daima, bibie. Nimenawa.